Kungoja Ng'ambo

Jumatatu, 2 Februari

Siku ya tatu hapa. Nimeamka kabla ya ndege. Mgongo. Kitanda ni cha mianzi, godoro la pamba ya msituni. Dieumerci anasema ni asili tupu, wageni wanapenda. Mgongo wangu haupendi.

Ndoo moja ya kuoga. Chai ya mchaichai, bila maziwa. Lituma ya jana, ndizi za kupondwa, imekaangwa upya. Kisha barazani, kiti kile kile, macho ng'ambo.

Vibanda vyote hapa vina majina ya samaki. Wale bwana na bibi arusi kutoka Kinshasa wamepewa Kapitene, chenye neti nzima. Mimi wamenipa Ngolo, kambale. Paa la majani, choo cha majivu nyuma. Kwenye mti mbele ya mlango wamepigilia kibao: PUMZIKA. Sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo.

Mwenye mahali hapa, Dieumerci, nilimfundisha jiografia darasa la tano. Mtihani wa mito alipata nne juu ya ishirini. Leo mto unamlisha, mimi nimestaafu na nimekaa kwake nakula kambale. Bado ananiita Prof. Nashukuru.

Sikuja kupumzika. Nimekuja kuchukuliwa. Béatrice wangu yuko ng'ambo ile pale, kwa baba yake mdogo, tonton Bolamba. Amekaa huko tangu Julai, mama yake alipofariki. Kwao, mkwe ndiye anayemfunika mama mkwe kitenge, kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajateremshwa kaburini. Mimi nilikuwa nasimamia mitihani ya taifa. Kitenge nilikituma kwa watu wa kwaya waliokuwa wakivuka kwenda mazishini. Baada ya juma moja kikarudi, kimekunjwa vizuri, hakuna barua. Béatrice hakurudi.

Na mkwe aliyekosa matanga hajivushi mwenyewe. Anangoja ng'ambo mpaka wamfuate. Ndiyo sheria yao. Basi nangoja. Kitenge kiko ndani ya begi.

Miezi saba ya kula mkate mkavu katika nyumba yenye vyungu kumi na vinne. Nimemkosa. Hilo sijamwambia mtu.

Jumanne, 3 Februari

Mama Anto, mpishi, ni wa ukoo wao. Kila asubuhi anavuka na mtumbwi wake mdogo kwenda kununua samaki. Ndiye anayebeba maneno yangu. Leo nilimtuma aseme: Papa Saidi amefika, yuko hapa, anaomba.

Amerudi na kapitene wawili na jibu.

"Prof, tonton anasema ungoye. Anasema uko na kiti muzuri."

Alicheka akienda jikoni. Kweli kiti ni kizuri. Kinachoniudhi ni kwamba mzee anakiona kutoka kule.

Nimehesabu moshi wa upande wao. Saba. Mmoja ni wa Béatrice, anabanika samaki. Sijui ni upi. Nimechagua ule wa tatu kutoka kushoto, nimeutazama mpaka chakula cha mchana.

Dieumerci ananiuliza kwa nini sishuki kuoga ufukweni kama wageni wengine. Mchanga ni msafi, maji yamepungua, mtu anaweza kusimama. Nimesema presha. Ameamini. Presha hainitupi, inanifaa kwa kila jambo.

Saidi, kifungua mimba wetu, amepiga simu kutoka Opala anakofundisha. Ameuliza kama nimevuka. Nimesema bado. Akaniuliza kuhusu chakula.

Jumatano, 4 Februari

Mvua tangu alfajiri. Paa linavuja mahali pamoja tu, juu ya kichwa changu. Mama Anto hakuvuka. Hakuna jibu, hakuna samaki, tumekula sombe, kisamvu kitupu.

Ng'ambo haionekani. Kiti hakina kazi leo.

Nimechoka. Si uchovu wa kulala. Ni ule wa kukaa kwenye kituo cha afya ambapo jina lako limeandikwa lakini haliitwi.

Jioni Dieumerci ameandika ubaoni: Alhamisi, ziara ya kijiji cha wavuvi. Mtumbwi mkubwa wa injini. Jaketi ya kuelea kwa kila mgeni. Nimesoma mara nne. Kijiji chenyewe ni kile kile.

Jumatano, baadaye

Hoja yangu ni hii. Sheria inasema mkwe hajivushi. Haisemi lolote juu ya mtalii. Mtalii amealikwa na wenyewe, wanampokea kwa nyimbo. Nikienda na ziara sijavunja kitu. Béatrice ataniona, atacheka, mambo yataisha.

Naona hoja ni nzuri. Nimefundisha miaka thelathini na moja, najua hoja nzuri nikiiona.

Alhamisi, 5 Februari

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Niandike yote nimalize.

Nilivaa jaketi mbili. Dieumerci alitaka kucheka, akakumbuka mimi ni nani. Rangi ya machungwa, mikanda mitatu mitatu, nikawa mnene kama mfuko wa makaa. Nilikaa katikati kabisa ya mtumbwi, magoti yamebana, macho kwenye mgongo wa bwana arusi. Nilitaja vijito vya mto kimoyomoyo, kama darasani: Lomami, Lindi, Aruwimi, Itimbiri. Nilivitaja mara sita mpaka tukagusa mchanga.

Walitupokea kwa nyimbo. Wanawake kwa mistari miwili, watoto mbele. Niliwajua wengi. Walikuwa wakija kwetu, kwenye harusi, kwenye ubatizo wa watoto. Nao walinijua. Wimbo haukukatika, lakini ulishuka, kama redio inayoishiwa betri.

Mwanamke anayewaeleza wageni namna ya kubanika samaki ni Béatrice.

Sikulijua hilo. Hakuna aliyeniambia. Amesimama karibu na kichanja, kitambaa kichwani, amekonda kidogo, amependeza. Anajua Kifaransa kuliko sisi wote. Alinitazama mara moja, juu mpaka chini, jaketi zote mbili. Kisha akaendelea. Messieurs-dames, huyu ni mboto, huyu ni kapitene, moto lazima uwe mdogo. Alitutazama wote sawasawa. Mimi na bwana arusi tulipata macho ya kiasi kimoja.

Akauliza kama kuna swali. Kimya. Ukimya wa darasani siuwezi, siku zote nimeuogopa. Nikanyoosha mkono. Nikauliza ni mti gani wanatumia kwa moshi.

Mke wangu, miaka ishirini na tisa ya ndoa, alinijibu. Alinitajia mti. Alisema asante kwa swali zuri, monsieur.

Bibi arusi alitupiga picha, wote pamoja mbele ya kichanja. Mimi niko pembeni ya Béatrice. Kati yetu panatosha kupita mbuzi.

Mwisho tonton Bolamba alitoka nyumbani, na fimbo yake, na kapu la kafi ndogo za kuchonga. Kila mgeni anapewa moja. Alipofika kwangu sikujua niiname au nini. Alinipa kafi.

"Souvenir, papa. Karibu tena."

Nimeiweka mezani. Ina urefu wa kiganja. Wameichonga vizuri.

Ijumaa, 6 Februari

Sikutoka kibandani mpaka saa nne. Mama Anto aliniletea chai mwenyewe, akakaa kizingitini. Hakucheka.

"Kwa nini ulifanya vile, Prof? Mugeni anakuyaka kuangalia batu. Wewe ni bokilo. Bokilo anakuyaka kulia na batu."

Bokilo kwao ni mkwe. Nikauliza Béatrice yeye amesema nini. Alibanika samaki mpaka jioni. Tonton ndiye aliyesema, mbele ya watu: kwa msiba hakuja, kwa nyimbo amekuja. Sasa tumejua anapenda nini.

Amesema pia kwamba mtumbwi wa kunifuata ulikuwa umeshapangwa. Jumamosi, yaani kesho. Walitaka nikae juma moja tu kwenye kiti, basi. Sasa haupo.

Kesho. Nilikuwa nimebakiza siku mbili tu.

Nina hasira na mtu mmoja duniani, naye ananyoa ndevu kwenye kioo changu.

Nimefungua daftari hili nyuma. Jumatatu nimeandika mitihani. Uongo. Hata humu, ambamo hakuna anayesoma. Mitihani ilikuwa imekwisha siku mbili kabla. Nilikuwa nyumbani. Nilivaa viatu, nikafika bandarini na kitenge mkononi, nikaona mitumbwi imepangwa, maji yanapanda na kushuka ubavuni, nikageuka. Watu wa kwaya nilikutana nao pale pale.

Niandike na lingine. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulitoka Kindu kuja Ubundu kwa mashua ya mbao. Mizigo ilizidi. Ililala ubavu tukiwa karibu na ukingo, watu wanatuona. Baba alinishika shati. Mdogo wangu Saidi alikuwa na miaka saba, mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu, kisha haukuwapo. Baba alisema tukifika tutasema homa, bibi asije akafa kwa uchungu. Tukasema homa. Béatrice pia nilimwambia homa. Alihuzunika, akasema mtoto wetu wa kwanza tumpe jina hilo. Tangu hapo ananiita Papa Saidi, asubuhi na jioni, na hajui anachokiita.

Mahari walivuka wao. Sikukuu walivuka wao. Mimi nilikuwa na kazi, na presha, na mitihani. Miaka ishirini na tisa wanaamini nawadharau watu wa mto. Nimewaacha waamini, kwa sababu dharau ya mwalimu ina heshima kidogo. Woga hauna.

Jumamosi, 7 Februari

Siku niliyopaswa kuvuka. Jua zuri, maji yametulia. Bure.

Asubuhi nilimngoja mama Anto kwenye njia ya kushukia. Nikamwambia amfikishie Béatrice na tonton neno moja, asiongeze. Papa Saidi anaogopa maji. Tangu utoto. Halikuwa dharau.

Alianza kucheka. Alidhani ni mzaha, mwalimu wa mito. Kisha akaona nilivyosimama mbali na maji.

Habari ya mdogo wangu sikuituma. Hiyo siwezi kuiweka kwenye kapu la samaki.

Amevuka saa mbili. Amerudi saa tano. Amesema amefikisha. Wamesikia. Hakuna aliyejibu.

Jumapili, 8 Februari

Nyimbo za kanisa kutoka ng'ambo, zinakuja na kupotea na upepo.

Hakuna kitu. Wale maarusi wameondoka. Wamenitumia picha. Nimeitazama mara moja tu.

Jumatatu, 9 Februari

Nilikuwa nimeshafunga begi. Pikipiki ya kunirudisha mjini ilikuwa ije mchana. Nilipanga kumwambia Saidi kwamba ni presha.

Mama Anto alipanda kutoka mtoni akikimbia, kapu tupu. Amesahau samaki kabisa.

"Tonton anasema: mugeni anavuka na gilet. Bokilo anavuka mwenye kulowana. Kesho asubui batakuya kukutwala. Na pirogi ya kidogo."

Nimemuuliza ndogo kiasi gani. Ameonyesha kwa mikono, akaona uso wangu, akaongeza kidogo.

Pikipiki nimeirudisha. Dieumerci amekuja na jaketi moja chini ya koti, kwa siri, anasema inaweza kuvaliwa ndani ya shati. Mtoto mwema. Nimemrudishia. Nimempa na kafi ile ndogo aiweke ofisini kwake, mimi si wa kupewa souvenir.

Naogopa. Naandika tena ili iwe imeandikwa: naogopa, nina miaka sitini na mbili, na kesho nitapanda. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Wahenga walisema hivyo wakiwa nchi kavu, lakini basi.

Nimekinyoosha kitenge kwa mikono na kukikunja upya. Ndege wa bluu kwenye kahawia. Aliyekichagua ni Béatrice mwenyewe, mwaka juzi, akasema hiki ni cha mama, akaniachia nikitunze mpaka siku yake.

Jumanne, 10 Februari

Nimevuka.

Walikuja saa moja, ukungu bado uko majini. Tonton Bolamba amekaa nyuma na kafi. Miaka yake ni themanini na kitu. Mbele, na kafi ya pili, Béatrice. Sikutegemea yeye. Hakunisalimu. Alisogeza miguu tu nipate pa kuingia.

Dieumerci na mama Anto walinishika mikono huku na huku kama bibi arusi. Nikakaa chini, kwenye sakafu ya mtumbwi. Una ufa. Ndani kuna maji tayari, suruali ililowa palepale. Kitenge kilikuwa mapajani. Kikalowa nacho.

Nilijaribu vijito. Lomami. Baada ya Lomami hakuna kitu, kichwa kimefutika kama ubao.

Katikati ya mto maji yaliingia zaidi. Mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania kingo mbili, vidole vimekufa. Nilikuwa natoa sauti, sijui ya namna gani. Béatrice aligeuka. Mara ya kwanza ananitazama tangu Julai, ukiacha ile ya jaketi. Akachukua kopo la nyanya lililokuwa miguuni kwake akanisukumia.

"Papa Saidi, tosha mayi."

Ili kulishika kopo lazima uachie ukingo. Sijui ilichukua muda gani. Niliachia mkono mmoja. Nikakumba maji nikamwaga nje. Nikakumba, nikamwaga. Ukikumba maji huna nafasi ya kuyatazama. Na hapo, macho chini kwenye kopo, nilimwambia. Mashua, Ubundu, shati, mkono. Kwamba haikuwa homa. Nilisema vibaya, bila mpangilio, mwisho ukatangulia mwanzo. Nikaendelea kukumba.

Aliacha kupiga kafi. Mtumbwi ukaanza kugeuka na mkondo. Tonton alisema jina lake mara moja, kwa upole, naye akarudisha kafi majini.

Baadaye sana, tukiwa tunauona mchanga, akaniita Amisi. Hajaniita hivyo tangu uchumba. Akasema miaka yote hiyo, Amisi. Nikasema ndiyo. Alikuwa analia na mimi nalia, na tonton anaelekeza mtumbwi.

Ufukweni hakukuwa na wimbo. Watu walisimama tu. Nilishuka nimelowa mpaka kiunoni, viatu vimejaa maji, kitenge kinachuruzika. Mzee alinitazama miguu, akatikisa kichwa kama fundi aliyeridhika. Akasema sasa karibu, bokilo, msiba bado uko ndani.

Nimelala kwenye mkeka, chini, chumbani kwa marehemu, pamoja na wanaume wa ukoo. Walilia upya kwa ajili yangu, ili nami nipate pa kulilia. Nililia kwa ajili ya mama mkwe. Na kwa ajili ya Saidi mdogo, ambaye sikuwahi kumlilia kwa sauti.

Jumatano, 11 Februari

Mgongo unauma zaidi ya kule. Sijali.

Béatrice ametandika kitenge kwenye kamba nyuma ya nyumba. Mama hafunikwi kitu kibichi, anasema. Kikikauka tutakwenda kaburini wote, nitakiweka kwa mkono wangu. Siku mbili tatu baadaye tutarudi kwetu. Amesema nitakumba maji mimi.

Amekaa kando ya kichanja chake. Ukiwa kule kwenye kiti, moshi wake ni wa pili kutoka kushoto. Siku zile zote nilikuwa natazama wa jirani.

Ng'ambo nakiona kile kiti, kidogo sana, hakuna mtu.

Leo kuna mawingu. Nimekwenda kukigusa kitenge mara tatu. Bado ni kibichi pembeni. Ameniambia nikae, nisubiri.